Chombo cha Kadzo na Maharagwe Kumi na Mawili

Leo ni wiki ya tano tangu nistaafu. Nina miaka kumi na saba, macho yangu bado yanaona, na kinachonisumbua ni goti moja tu, kwa sababu ya kupiga magoti miaka mitatu juu ya ramani iliyotandazwa sakafuni. Mama na Madam Nafula walikaa wakakubaliana, bila mimi kuwapo, kwamba mtu wa kidato cha nne hana kazi ya kuendesha bahari. Nikaitika abee, nikakabidhi ofisi. Ofisi yenyewe ni boksi la viatu.

Nawaandikia nyinyi wa gredi ya kumi mliotukuta, ambao kila Ijumaa mnachungulia dirisha la stoo ya historia mkidhani ndani kuna chakula. Hakuna chakula. Kuna bahari. Habari za vyeo sitawasimulia, maana cheo kilikuwa kimoja, Mkuu wa Bahari, na nilijipa mwenyewe siku ambayo mwenzangu hakuja shule. Mshahara sikuwahi kuuona, na hapo ninafanana na wastaafu wengi wa mtaani kwetu.

Kwa asiyejua, tuna mchezo. Kila mmoja anapewa mji wa zamani wa pwani, Kilwa au Pate au Malindi au Mvita, na mmoja anakuwa Wareno, kwa sababu lazima awepo wa kuchukiwa. Unajenga, unauza, unapigana, unaomba amani, unaivunja. Zamu ni moja kwa wiki, Ijumaa baada ya masomo. Mji wako ukianguka unavaa viatu vyako unaupisha mkeka, na huketi tena mpaka duru mpya ianze. Duru moja huchukua mwaka na zaidi.

Aliyeuanzisha ni Baraka, tuliyeingia naye kidato cha kwanza siku moja, tukakalia dawati moja. Alikuwa akicheza mchezo kama huo kwenye kompyuta za saiba moja kule Mtongwe, akaja kunilalamikia.

"Mishi, unabonyeza tu. Askari elfu wanavuka bahari kama wanaovuka barabara. Wakifika wanapigana papo hapo."

"Bila kutapika?"

"Bila hata kukunja suruali."

Tulikasirika kweli. Sisi ni watoto wa Likoni. Bahari tunaivuka tukiwa mgongoni, kisha tukishikwa mkono, kisha tukikimbilia geti kabla halijafungwa. Tukaapa kwamba mchezo wetu utakuwa na bahari ya kweli. Tukapata bango la plastiki la kampeni zilizopita, tukaligeuza, tukachora pwani yote kwa kalamu nene, kutoka Sofala mpaka Maskati. Uso wa mheshimiwa unaonekana kwa nyuma kidogo, na hadi leo sikio lake la kushoto ndilo kisiwa cha Sokotra. Vyombo tukavikata kutoka kwenye kandambili zilizokatika, kwa wembe. Soli ya kandambili haivunjiki, inaelea ukitaka kuthibitisha jambo, na kila nyumba inayo ya kutupa.

Siku ya kwanza tulimwita Madam Nafula, mwalimu wetu wa historia, aje aone. Madam ni mtu wa Bungoma. Bahari aliiona mara ya kwanza siku alipohamishiwa huku, na aliwahi kutuambia kwamba alidhani feri ni daraja lililokatika. Akainama juu ya ramani, akashika chombo kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hizi meli ziko na pua mbili," akasema. "Nyuma yake ni wapi?"

Tulikuwa tumekata vyombo kumi na nne, na vyote vilikuwa na ncha bapa mbele na ncha bapa nyuma. Tulikuwa tumeandika kanuni kwamba chombo kikifika kinarudi hapo hapo, kwa muda ule ule, bila kugeuka. Kanuni nyingine ilisema mwenye chombo kilichoko baharini lazima asimame wima mpaka kifike. Wala hatukuwa tunatania. Tulikuwa tumechora feri. Bahari nzima ya zamani, na majahazi yake na mitepe yake, tulikuwa tumeijaza feri za Likoni, ambazo hupakia kwa mbele na kushusha kwa nyuma na hazijageuka tangu zizaliwe. Mtu wa bara ndiye aliyetuonyesha.

Basi tukaanza upya, na hapo ndipo nilipompata mwalimu wangu wa pili. Mjomba Tsuma anasukuma mkokoteni hapo kivukoni, si mzee, ana kifua kama kabati na maneno kama redio. Nilikuwa nikimsaidia kusukuma, yaani nikiweka mkono juu ya gunia na kutembea kando. Siku moja nikamwuliza mbona leo anahema kuliko jana na mzigo ni ule ule.

"Leo bamvua," akasema. "Maji yametoka sana, feri imeshuka chini, mteremko umesimama kama ukuta. Wiki ijayo maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana, utaniona naimba. Kalenda yangu iko hapa." Akapiga muundi wa mguu.

Akanionyesha feri ikiondoka upande wa pili. Haikuja moja kwa moja. Ilijipinda, ikaelekeza pua mbali na geti, kama mtu anayejifanya haendi kwenu, kisha mkondo ukaisukuma mpaka ikafika pale pale. Nilikuwa nimeitazama miaka yote na sikuwahi kuiona.

Kutokana na muundi wa Mjomba Tsuma tukapata kanuni ya bandari: chombo kizito huingia wiki ya bamvua peke yake, maji yakijaa. Kutokana na mkondo tukapata kanuni kwamba huendi unakoelekeza. Pepo zilijipanga zenyewe. Kaskazi huvuma muhula wa kwanza na kusukuma vyombo kusini, kusi huvuma muhula wa pili na kuvirudisha kaskazini, na likizo ya katikati ikawa maleleji, upepo haujui uende wapi na wanafunzi pia. Askari wakishuka pwani hutapika zamu nzima kabla ya kupigana. Hiyo ya mwisho ni yangu na ninajivunia.

Lakini kanuni iliyobadilisha kila kitu ni ya boksi. Niliipata nikiwa kwenye somo la hesabu, nimeegemea ukuta, jua linaingia kwenye matundu ya matofali na vumbi linaelea ndani yake polepole. Nilimwona mtu wa Kilwa ya zamani amesimama ufukoni. Chombo chake kimeondoka. Nikajiuliza anajua nini. Hajui kitu. Anapika, anaozesha binti, anagombana na jirani, na wakati wote huo chombo chake ama kipo ama hakipo, na yeye hana namna ya kujua. Sasa vipi sisi tunaviona vyombo vyetu vyote kwenye ramani kama kuku uani?

Tangu siku hiyo, chombo kikiondoka kinatoka kwenye ramani na kuingia katika boksi langu la viatu, lenye ramani ndogo ndani yake. Mwenyewe hakioni tena. Kinapewa maharagwe, kila harage ni maji ya wiki moja, na kisima hakuna isipokuwa bandarini. Kila Ijumaa najifungia nyuma ya kabati, nakisogeza, naondoa harage, nachomoa karatasi moja kwenye mkebe: shwari, tufani, mkondo, mwamba. Mwenye chombo hupata barua ikiwa tu nahodha wake amekutana na chombo kingine kinachorudi, na hilo najua mimi peke yangu.

Mwanzoni walininunia. Wiki ya tatu wakaanza kunifuata kwenye foleni ya githeri. "Mishi, niambie kimoja tu, kiko hai?" Nilikuwa nakula nikitazama mbali. Nawaambieni, hakuna raha kama kuwa bahari. Usiku nikilala nilikuwa navihisi vyombo vikitembea ndani ya boksi chini ya kitanda, taratibu, kila kimoja na giza lake, na likizo zilipofika navyo vilisimama, matanga yamelegea, vinangoja shule ifunguliwe.

Sasa niwaambie kisa kigumu, maana ndicho kilichonistaafisha, Mama na Madam walimalizia tu.

Mwaka jana, mimi nikiwa kidato cha tatu, alihamia kidato cha pili msichana anayeitwa Kadzo. Alitoka Kaloleni akaja kukaa kwa shangazi yake. Nusu ya muhula wa kwanza sikumsikia akisema neno isipokuwa "nipo" wakati wa kuitwa majina. Madam akamleta stoo kwa kumsukuma begani. Tukampa Kilwa, maana aliyekuwa na Kilwa alikuwa amehamia Mariakani. Na pale mkekani Kadzo akaongea. Si sana, lakini aliongea. Alibishana na Baraka kuhusu bei ya pembe. Siku moja alicheka. Jumatatu alirudi kuwa ukuta, na sisi tukajua kwamba wiki yake ina siku moja tu.

Baraka alikuwa Wareno duru hiyo, na kila mtu alijua kwamba kaskazi ikivuma atashuka Kilwa. Kadzo hakuwa na mizinga. Kusi ilipoanza akapakia mali yote ya Kilwa, pembe na dhahabu, kwenye chombo kimoja, akakituma Maskati kuleta mizinga. Pate ilikuwa upande wa Baraka, kwa hiyo hakikuweza kutia nanga njiani kuchota maji. Akakipa maharagwe kumi na mawili, akayahesabu mara mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Wiki ya tatu nilichomoa mwamba.

Nilikaa nyuma ya kabati nikiishika ile karatasi. Kanuni ni yangu mwenyewe: chombo kinazama, mwenyewe haambiwi, atajua kwa kutokiona. Lakini nilijua kitakachofuata. Kaskazi itakuja, mizinga haitakuja, Kilwa itaanguka, na Kadzo atavaa viatu vyake atoke, na Ijumaa yake itafanana na Jumatatu. Nikairudisha karatasi kwenye mkebe. Kile chombo nikakiweka pembeni ya boksi, chini ya kitambaa. Kisha nikaandika barua.

*Kwa Sultani wetu Bibi Kadzo wa Kilwa. Baada ya salamu nyingi, sisi hatujambo isipokuwa mpishi, ambaye tumegundua hakuwahi kuwa mpishi bali alipanda chombo kumkimbia mkewe. Wali wake tunautumia kuziba nyufa. Bahari ni shwari. Nimeota kwamba upo juu ya paa unatutazama, nikakupungia mkono. Wako, Nahodha.*

Aliisoma pale pale mkekani, akaikunja ndogo, akaitia kwenye soksi.

Basi nikaendelea. Nahodha akapotezwa na mkondo, akaliona sikio la Sokotra kwa mbali. Muhula wa tatu ulipofunguliwa bado alikuwa baharini, maana nikimfikisha Maskati ningelazimika kutoa mizinga, na mizinga huonekana. Katika barua moja nikaandika kwamba mabaharia wote wameoga, wamejipaka mafuta, wananukia kama maarusi. Niliipenda sana sentensi hiyo. Kadzo akaanza kujibu. Kanuni inasema barua haiendi baharini, lakini aliziacha juu ya boksi langu, kurasa mbili, tatu, mtu asiyesema. Alimweleza nahodha mvua ilivyo Kaloleni. Alimwambia mpishi apunguze moto. Nikazisoma zote kitandani, na kulikuwa na nyakati, wallahi, nilisahau kwamba kile chombo kilikuwa chini ya kitambaa.

Mwaka huu kaskazi ikavuma. Ijumaa ya nne ya muhula, Baraka alishusha vyombo tisa mbele ya Kilwa, askari wake wakatapika zamu nzima kama kanuni inavyotaka, na Kilwa ikabakiwa na wiki moja. Kila mtu alikuwa akinitazama mimi. Kadzo alikuwa akiitazama ramani.

Jioni ile nilikata kisigino cha kandambili nikachonga mizinga miwili. Nilichonga vizuri. Jumamosi, nikienda mjini, nikaweka mkono juu ya gunia la Mjomba Tsuma.

"Mjomba, umewahi kuangusha mzigo majini?"

"Mara moja. Magunia mawili ya sukari. Samaki wa hapa mpaka leo wana kisukari."

"Ulimwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia, nilichelewa siku mbili. Magunia alinisamehe. Zile siku mbili hakunisamehe, alishaita watu wa kupakua, wakaketi hapo juani wanangoja sukari iliyokwisha kuyeyuka." Akasukuma kidogo. "We umeangusha nini?"

"Kilwa."

"Hiyo nzito," akasema, wala hakuuliza Kilwa ni nini.

Ijumaa niliingia stoo na mizinga mfukoni na maneno ya kuungama kinywani, na sikujua kipi kitatoka kwanza. Hakikutoka kitu. Kadzo alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa amepanga maharagwe kumi na mawili kwenye mstari, kutoka Kilwa kwenda juu.

"Da Mishi, keti," akasema. Nikaketi.

Akaanza kuyaondoa moja moja. "Wiki ya kwanza. Ya pili. Ya tatu." Alipoondoa la kumi na mbili alikuwa amefika wiki ya mwisho ya muhula wa pili. "Hapa wamekufa kwa kiu. Muhula wa tatu nahodha ananiandikia wameoga."

Nje kulikuwa na honi ya feri, ndefu.

"Labda mvua ilinyesha," nikasema.

"Hujaweka karatasi ya mvua. Nilizihesabu karatasi zako."

Baraka akanigeukia. "Mishi. Kilizama lini?"

"Wiki ya tatu," nikasema. "Mwamba."

"Na hicho kinachovimba mfukoni?"

"Kisigino."

Nikakitoa nikakiweka mkekani, mizinga miwili iliyochongwa vizuri, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo katika maisha yangu ya kazi halikuwa kawaida.

"Ulijua muda wote huu," nikamwambia Kadzo. "Mbona hukusema? Ungepata zamu kumi za kujenga ukuta."

Alifikiri. "Ningesema, barua zingekwisha."

Kisha akavisogeza vyombo vya Baraka yeye mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka ndani ya Kilwa. Baraka hakutaka hata kuvigusa. Kadzo akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akaingiza mguu wa kwanza.

Nawaambieni wa gredi ya kumi, mtu hujifunza kazi yake siku ya mwisho. Nilikuwa nimetengeneza bahari ya kweli kuliko ya saiba yoyote, yenye mkondo na kiu na matapishi, na mtu mmoja aliponihurumisha nikaigeuza tena feri. Yule aliyekaa na maharagwe yake akahesabu, akajua, akanyamaza, ndiye aliyekuwa bahari.

"Kadzo," nikasema. "Mji wako umeanguka. Boksi halina mji wa kuanguka."

Akasimama na kiatu kimoja mguuni. Nikalichukua boksi kutoka nyuma ya kabati nikampa kwa mikono miwili.

"Huyu atatumaliza," Baraka akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Akalifungua. Akainua kitambaa, akakiona chombo chake, akakishika kidogo, akakirudisha pale pale kilipokuwa na kukifunika. Kisha akachana kipande cha daftari, akaandika neno moja, akakitia kwenye mkebe. Nilichungulia. Aliandika mvua. Karatasi moja, kati ya arobaini.

Wakati wa kuniaga walinipa zawadi, chombo kipya cha soli ya bluu, chenye pua moja na nyuma inayoonekana wazi. Baraka alisema mstaafu asikae bure. Nikakituma Sofala siku hiyo hiyo nikiwa bado na machozi ambayo nilisema ni vumbi la stoo. Kikaingia kwenye boksi, na boksi likaenda nyuma ya kabati na Kadzo, na mimi nikaenda kusoma kemia.

Hiyo ni wiki ya tano. Sijapata barua. Jana nilimkuta kwenye foleni ya githeri, siku hizi ana marafiki wawili wa kusimama nao, wanaobishana. Nikamwuliza polepole, kimoja tu, kiko hai? Aliendelea kula akitazama mbali. Nilimtazama usoni mpaka kengele ikalia, hasomeki.

Nilikipa maharagwe kumi na mawili. Yamebaki saba, kama yamebaki. Mabaharia wangu wote nimewakataza kuoga.